UZI: Nani hasa anaamua tutumie nishati gani? Mkono wa makampuni katika safari ya jua, upepo na betri

#1 Mleta Mada

Wakuu, salaam.

Mjadala wowote wa nishati mbadala ukianza, haupiti muda anatokea mtu na hadithi ya gari linalotembea kwa maji ambalo "wakubwa" wamelificha. Naomba hiyo tuiweke kando mapema. Ndani ya maji, hidrojeni imekwisha kuungana na oksijeni, yaani imekwisha kuungua. Kuitenganisha kunakula nishati nyingi kuliko utakayoipata ukiiunguza tena. Hapo hakuna cha kufichwa.

Kinachonikera ni kwamba hadithi za namna hiyo zinafunika yaliyotokea kweli, ambayo yameandikwa na yanasomeka. Nianze na mawili.

La kwanza ni betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanakemia Stanley Whittingham alikuwa anafanya kazi Exxon, kampuni ya mafuta, na humo ndimo alimobuni betri ya lithiamu inayochajika. Kampuni iliogopa kwamba mafuta yangepungua, ikataka kuwa na mguu kwenye biashara nyingine. Hofu hiyo ilipopoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, Exxon ikaachana na mradi. Kazi ikaendelezwa na wengine: John Goodenough akiwa Oxford, Akira Yoshino Japani, na mwaka 1991 Sony ikaanza kuuza betri hizo. Mwaka 2019 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Hakuna aliyeificha betri wala kumtisha mtu. Kampuni iliiangalia hesabu yake, ikaona pesa iko kwingine, ikaacha kulipia. Dunia ikasubiri.

La pili ni paneli za sola. Maabara za Bell zilionyesha seli ya silikoni mwaka 1954, ikigeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Kwa miaka mingi bei yake iliwezekana kwa satelaiti tu. Mwaka 1973 Elliot Berman, kwa fedha za Exxon, alianzisha kampuni ya Solar Power Corporation, na bei ikashuka kutoka takriban dola 100 kwa wati hadi 20. Wateja wakubwa wa mwanzo walikuwa nani? Makampuni ya mafuta yenyewe. Mitambo ya kuchimba iliyosimama baharini kwenye Ghuba ya Meksiko ilihitaji taa za kuonya meli, na kubadilisha betri nzito kila zilipokwisha lilikuwa jambo ghali. Kwa hiyo wenye mafuta walijua mapema kuliko wengi kwamba sola inafanya kazi, maana iliwawashia taa zao.

Hoja yangu basi ni hii. Makampuni huwa hayaizuii teknolojia yenyewe. Yanachagua ije lini, imilikiwe na nani, na ilipwe kwa kanuni ipi. Mapambano yenyewe yanafanyika kwenye vifungu vya bei, mita na maunganisho ya gridi, ambavyo watu wengi hawavisomi. Nitaweka mifano kadiri uzi unavyokwenda. Karibuni.

#2 Kipimajoto

Mkuu nakazia. Umeitaja Exxon kwa betri, lakini usiliache la tabianchi. Mwaka 1977 mwanasayansi wao James Black aliwaeleza viongozi wa kampuni kwamba kuchoma mafuta na makaa ya mawe kunaongeza hewa ya ukaa na kutapasha dunia joto. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2023 ulipima makadirio ya ndani ya kampuni hiyo na kukuta kati ya asilimia 63 na 83 yalitabiri kwa usahihi joto lililokuja kutokea. Na bado kuanzia mwaka 1989 hadi 2002 kulikuwa na umoja wa makampuni ulioitwa Global Climate Coalition, ambao kazi yake ilikuwa kutia shaka kwenye sayansi hiyo hiyo na kupinga mikataba.

Mtu anayejua ukweli chumbani halafu anatoka nje kusema hakuna uhakika, huyo kwangu ana dhambi kubwa kuliko aliyekataa kuwekeza.

#3 Mhandisi wa Laini

Naomba nipunguze moto kidogo. Nimefanya kazi kwenye gridi miaka mingi na naona mijadala hii inamfanya kila anayeuliza swali la kiufundi aonekane kibaraka wa mafuta.

Jua huzama, na saa ambayo watu wanawasha taa ndiyo saa ambayo paneli zimelala. Upepo hukatika. Gridi lazima ilingane sekunde kwa sekunde, umeme unaoingia na unaotoka, la sivyo masafa yanayumba na ulinzi unakata laini. Nguzo, transfoma na watu wa kupanda usiku wa mvua vina gharama ambayo haipungui kwa sababu mtu ameweka paneli juu ya bati. Mwenye paneli akilipa karibu sifuri, gharama hiyo inamwangukia jirani asiye na uwezo wa kununua paneli. Hili si propaganda, ni hesabu.

Kwa hiyo mleta mada, tuambie: ni lini kampuni ya umeme inasema ukweli wa kiufundi, na ni lini inalinda mfuko wake?

#4 Mleta Mada

Mhandisi, swali lako ndilo nililolisubiri. Gharama ulizozitaja ni za kweli na sitazikana. Lakini tuangalie kwanza kampuni ya umeme inapataje faida, maana hapo ndipo majibu yake yanapozaliwa.

Sehemu nyingi duniani, kampuni yenye haki ya pekee ya kusambaza umeme katika eneo huruhusiwa na mdhibiti (chombo cha serikali kinachosimamia bei) kurudisha gharama zake pamoja na asilimia fulani ya faida juu ya mtaji iliouwekeza. Ikijenga kituo kikubwa, mtaji unakua na faida inakua. Mteja akipunguza matumizi au akijizalishia mwenyewe, sababu ya kujenga inapungua. Tangu mwaka 1962 wachumi Harvey Averch na Leland Johnson walishaonyesha kwamba mfumo wa aina hii unaisukuma kampuni kujenga kupita kiasi kinachohitajika. Mkurugenzi anaweza kuwa mtu mwema kabisa anayependa misitu, lakini akikaa kwenye kiti kile, paneli juu ya paa la mteja inamlia faida.

Wenyewe walilisema. Januari 2013 Edison Electric Institute, umoja wa makampuni ya umeme ya Marekani yanayomilikiwa na wawekezaji, ulitoa waraka kwa wanachama wake. Ulionya kwamba sola za majumbani pamoja na vifaa vya kupunguza matumizi vinaweza kuwafanyia kile ambacho simu za mkononi ziliwafanyia wenye simu za mezani. Wateja wakiondoka, waliobaki wanapandishiwa bei, na bei ikipanda wengine nao wanaondoka. Pendekezo moja lilikuwa kuongeza ada ya kudumu ya kila mwezi, ile unayolipa hata kama hujawasha taa.

Sasa angalieni Nevada, jimbo la Marekani lenye jangwa na jua kali. Huko mwenye paneli alikuwa na mita inayohesabu pande mbili: umeme anaouingiza gridini unakatwa kwenye ule anaouchukua. Desemba 2015 tume ya udhibiti ilipunguza thamani ya umeme unaorudishwa na kupitisha ada ya kudumu ipande hatua kwa hatua hadi karibu mara tatu. Kilichowauma watu zaidi ni kwamba kanuni mpya iliwakamata hata waliokwisha kufunga paneli, waliokopa na kupiga hesabu za miaka ishirini kwa kanuni ya zamani. SolarCity, iliyokuwa mfungaji mkubwa, ikasitisha kazi jimboni na kupunguza wafanyakazi. Mwaka 2016 wateja wa zamani walirudishiwa kanuni yao, na mwaka 2017 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyofungua tena mlango, safari hii kwa malipo yanayopungua kidogo kidogo kadiri paneli zinavyoongezeka.

Jua la Nevada lilikuwa lile lile mwaka 2014, 2016 na 2017, na paneli zilikuwa zinashuka bei. Kilichobadilika ni ukurasa wa kanuni tu, na soko likasimama, kisha likarudi. Hispania iliweka mwaka 2015 kanuni ya kuwatoza waliojizalishia umeme ambayo watu waliiita kodi ya jua, ikafutwa Oktoba 2018, na sola za juu ya paa zikachipuka.

Kuhusu kutofautisha ukweli wa kiufundi na kulinda mfuko, mimi hutumia kipimo hiki: je, kampuni inakubali gharama hiyo ipimwe na mtu wa nje, pamoja na faida ambazo paneli inazileta kwenye laini? Ikitaja upande wa hasara peke yake na kukataa upande mwingine usihesabiwe, najua tunazungumzia mfuko.

#5 Mhandisi wa Laini

Kipimo hicho nakikubali. Niongeze kitu ambacho walio nje ya kazi hii hawakioni: foleni ya kuunganishwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Marekani ilikuwa na miradi yenye jumla ya takriban gigawati 2,600 ikisubiri ruhusa ya kuunganishwa gridini, na sehemu kubwa ni sola, betri na upepo. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya mitambo yote iliyokuwa ikifanya kazi nchini humo. Sehemu ya ucheleweshaji ni uhandisi halali, maana kila mradi mpya unabadilisha mtiririko wa umeme kwenye laini za wengine na lazima upimwe. Sehemu nyingine ni swali la nani alipie laini mpya, na hapo mwenye mitambo ya zamani hana haraka yoyote. Hahitaji kupinga. Akinyamaza na kuomba upembuzi mwingine, mwaka unapita.

#6 Mwanafunzi wa Sheria

Wakuu mbona hamjalitaja jimbo la Ohio, Marekani? Kwenye kesi za nishati sijaona iliyo wazi kama hiyo.

Mwaka 2019 jimbo lilipitisha sheria iitwayo House Bill 6. Iliwachangisha wateja wote ili kuokoa vituo viwili vya nyuklia ambavyo vilikuwa chini ya kampuni tanzu ya FirstEnergy, kampuni ya umeme, ikatoa ruzuku kwa vituo viwili vya zamani vya makaa ya mawe, na hapo hapo ikashusha kiwango cha nishati jadidifu (jua, upepo na nyingine zisizokwisha) kilichotakiwa kisheria kutoka asilimia 12.5 hadi 8.5. Programu za kubana matumizi nazo zikakatwa. Baadaye ikabainika kwamba takriban dola milioni 60 zilipitishwa kwa siri kumjenga spika wa bunge la jimbo, Larry Householder, na kuipitisha sheria hiyo. FirstEnergy ilikubali mwaka 2021 kulipa dola milioni 230 katika makubaliano na waendesha mashtaka. Householder alitiwa hatiani mwaka 2023 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20.

Tazameni hesabu yake: wametoa milioni 60 ili kupata sheria yenye thamani ya zaidi ya bilioni moja. Kwa mtu asiye na aibu hiyo ni biashara nzuri kuliko kujenga kituo chochote. Sehemu ya nyuklia ilifutwa mwaka 2021, lakini kiwango kilichoshushwa hakikurudishwa pamoja nayo.

#7 Kipimajoto

Na hiyo ni iliyokamatwa. Ushawishi mwingi ni halali kabisa: kuchangia kampeni, kuajiri aliyekuwa mdhibiti jana, kuandika rasimu ya sheria na kumkabidhi mbunge asiye na wataalamu. Huo ndio unanitisha zaidi kwa sababu hakuna wa kumshtaki.

#8 Soko Huria

Naona mmeegemea upande mmoja. Ni nani aliyeshusha bei ya paneli kama si makampuni yenye tamaa ya faida? Kati ya mwaka 2010 na 2023 gharama ya umeme wa mitambo mikubwa ya sola duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90. Wanunuzi wakubwa wa mikataba ya umeme safi leo ni makampuni ya teknolojia, Google ilianza na upepo wa Iowa mwaka 2010. Faida ndiyo iliyotufikisha hapa. Ondoa faida mtabaki na semina na mabango.

#9 Mleta Mada

Mkuu Soko Huria, sijasema faida ni adui. Nasema faida hufuata kanuni, na kanuni ina wenye kuiandika. Mfano wako mwenyewe wa bei unathibitisha.

Mwaka 1993 makampuni ya umeme ya Ujerumani yalilipia tangazo magazetini kwamba jua, maji na upepo, hata kwa muda mrefu ujao, havitaweza kutoa zaidi ya asilimia 4 ya umeme wa nchi. Hawakuwa wajinga, walikuwa na wahandisi bora. Lakini sheria ya mwaka 1990 ilikuwa imewalazimisha kununua umeme wa wazalishaji wadogo, na ile ya mwaka 2000 ikampa mzalishaji uhakika wa bei kwa miaka 20. Uhakika huo ndio uliombadilisha mkulima mwenye ghala kuwa mtu anayekopesheka. Benki haikuhitaji kuipenda sola, ilihitaji kuona mkataba. Kufikia mwaka 2012 karibu nusu ya uwezo wa nishati jadidifu wa Ujerumani ulikuwa mikononi mwa watu binafsi, wakulima na vyama vya ushirika, huku makampuni makubwa ya umeme yakiwa na kipande kidogo sana. Oda hizo za Wajerumani ndizo zilizovuta viwanda vya China vipanuke, na viwanda hivyo, pamoja na msaada wa serikali yao, vikaangusha bei kwa dunia nzima. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya umeme uliotumika Ujerumani ulitokana na vyanzo jadidifu. Asilimia 4 iko wapi?

Halafu kanuni ikabadilika. Kuanzia mwaka 2017 miradi mingi ilianza kugawiwa kwa mnada. Bei ikashuka, hilo ni jema na nalikubali. Lakini mnada unataka dhamana, wanasheria na uwezo wa kushindwa mara kadhaa bila kufilisika. Chama cha ushirika cha watu mia mbili hakina akiba ya namna hiyo. Upepo haukupungua, umiliki ulihama. Ndiyo maana naona swali la nani anamiliki si la pembeni: pale ambapo mashamba ya upepo ni ya wanakijiji wenyewe, upinzani hupungua, na pale yanapokuja kama mali ya mtu wa mbali, kila mlio wa pangaboi unakuwa kesi.

#10 Soko Huria

Nimekuelewa zaidi. Ila usisahau kwamba hata makampuni ya sola yanapigana yenyewe kwa yenyewe. SolarWorld, watengenezaji wa paneli, ililalamika, na mwaka 2012 Marekani ikaweka ushuru kwa paneli za China. Mwaka 2018 ukaja ushuru mwingine wa asilimia 30 kwa malalamiko ya Suniva, mtengenezaji mwingine, na SolarWorld hiyo hiyo. Umoja wa wafungaji na wajenzi wa sola ulipinga kwa nguvu, kwa sababu wao hupata riziki kwa paneli kuwa rahisi. Kwa hiyo "maslahi ya makampuni" si kitu kimoja.

#11 Mleta Mada

Sahihi kabisa, na hilo linatusaidia. Mwenye kiwanda anataka paneli ghali, mfungaji anazitaka rahisi, mwenye gridi anazitaka ziwe zake. Mwananchi anayejua mgawanyiko huo anajua pia ni nani wa kusimama naye kwenye kikao cha mdhibiti.

#12 Msomaji wa Usiku

Samahani wakuu, mimi ni msomaji tu. Nauliza: kampuni ya mafuta inaweza kweli kugeuka? Maana matangazo yao yote ni upepo na watoto wanaokimbia kwenye majani mabichi.

#13 Kipimajoto

Inaweza, ila angalia bajeti, achana na tangazo. Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2022 sekta ya mafuta na gesi iliweka takriban dola bilioni 20 kwenye nishati safi, sawa na asilimia 2.5 ya uwekezaji wake wa mtaji. Zilizobaki zilikwenda kule kule.

BP ni mfano wa kusikitisha. Mwaka 2020 iliahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kufikia 2030. Bei zilipopanda baada ya vita vya Ukraine, ilitangaza Februari 2023 kwamba itapunguza kwa asilimia 25 tu. Februari 2025 ikageuza kabisa, ikaongeza matumizi ya mafuta na gesi hadi takriban dola bilioni 10 kwa mwaka na kukata fedha za nishati safi. Wanahisa walibana, viongozi wakafuata. Ahadi isiyokuwa na sheria nyuma yake hudumu mpaka bei ya pipa ipande.

#14 Mleta Mada

Upande wa pili uko Denmark. Kampuni ya taifa ya mafuta na gesi, DONG, iliweka mwaka 2009 lengo la kugeuza uwiano wake: kutoka asilimia 85 ya vyanzo vya kisukuku (mafuta, gesi na makaa ya mawe) hadi asilimia 85 ya vyanzo safi, kwa muda wa kizazi kimoja. Ilifika mwaka 2019, miaka mingi kabla ya muda wake. Mwaka 2017 iliuza biashara ya mafuta na gesi na kujiita Ørsted. Tofauti na BP? Serikali ya Denmark ina zaidi kidogo ya nusu ya hisa, kwa hiyo mwenye nyumba alikuwa na subira. Na nchi hiyo ilikuwa na vyama vya ushirika vya mitambo ya upepo tangu miaka ya 1970 na 1980, soko na mafundi walikuwepo tayari. Hata hivyo si hadithi ya ushindi mtupu: mwaka 2023 Ørsted ilifuta miradi miwili mikubwa ya baharini New Jersey baada ya riba na gharama kupanda, ikapata hasara ya mabilioni.

Msomaji wa Usiku, usiombe samahani, swali lako ni zuri. Ukitaka kujua kampuni yoyote inageuka kweli, soma mambo ambayo haiyatangazi: inachangia umoja gani wa washawishi, ilisema nini kwa maandishi mbele ya mdhibiti, na bosi wake anapata bonasi kwa kigezo kipi. Kama bonasi inapimwa kwa mapipa, atatafuta mapipa.

#15 Mhandisi wa Laini

Mleta mada, ombi moja kabla sijarudi zamu. Vikao vya wadhibiti vya kupanga bei huwa wazi kwa umma sehemu nyingi, na mara nyingi nimekaa ndani nikiona viti vitupu. Upande mmoja wanakuja na wanasheria, washauri na majedwali ya kurasa mia tatu. Upande wa wananchi anakuja mstaafu mmoja na bahasha ya bili zake. Ungeanzisha uzi mwingine wa namna ya kusoma maombi hayo ya bei: ada ya kudumu inaandikwa wapi, faida juu ya mtaji inaombwa asilimia ngapi, na maunganisho ya wazalishaji wadogo yamewekewa muda gani. Mimi nitakusaidia sehemu ya mahesabu.

#16 Mleta Mada

Nimekubali mkuu. Naanza na ukurasa wa faida juu ya mtaji, wewe chukua maunganisho. Mwanafunzi wa Sheria, tunakuhitaji kwenye vifungu vya waliokwisha kufunga paneli, ili yale ya Nevada yasimkute mtu akiwa na mkopo mkononi.